Gia, Beringi na Vumbi la Kongwa

Mwaka 1947 matrekta yalianza kushushwa Kongwa, nchi ya Wagogo, na mengi yake yalifika yakiwa yamekwisha kuchoka. Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa imeamua kulima karanga Afrika. Mpango uliotangazwa Novemba 1946 ulitaja zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na gharama ya pauni milioni 25 hivi. Fedha zilipatikana. Ardhi nayo, kwa macho ya wajumbe walioikagua kwa wiki chache, ilionekana tele. Mashine ndizo zilizoadimika, kwa sababu viwanda vya Ulaya vilikuwa bado vinajikwamua kutoka vitani. Wanunuzi wakaokoteza walichokikuta: matrekta ya minyororo yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino na, baadaye, vifaru aina ya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers-Armstrong ilivivua silaha, ikavigeuza matrekta na kuyaita Shervick.

Kabla mwaka haujaisha, matrekta mawili kati ya kila matatu yalikuwa yamesimama.

Kisa cha karanga kimesimuliwa mara nyingi. Wasimulizi hutaja mvua zisizotabirika, mizizi ya mibuyu, udongo uliokauka hadi jembe likagoma, mafuriko yaliyokata reli, na waziri John Strachey aliyeendelea kuutetea mpango bungeni London huku takwimu zikimsuta. Mwaka 1951 ulipofungwa rasmi, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea, na karanga zilizovunwa zilikuwa pungufu ya zile zilizonunuliwa kwa mbegu. Yote hayo ni kweli. Ila ndani ya kisa hicho kuna kingine kidogo, kinachohusu vitu ambavyo havikupigwa picha: magurudumu ya meno yaliyoliwa, beringi zilizobadilika rangi kwa joto, na uhaba wa watu waliojua kuzipanga upya pamoja na vifaa vya kupangia. Mashine zilitangulia, karakana ikaja nyuma, na orodha za spea zikaja nyuma zaidi.

Historia ya trekta huandikwa kwa kuhesabu nguvu za farasi. Yafaa pia iandikwe kwa kuhesabu nafasi: upana ulioachwa kati ya jino na jino, kati ya beringi na kikombe chake. Nafasi hiyo hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi, na mtu mwenye uwezo wa kuipanga ndiye aliyeamua, zama hadi zama, kama trekta lingelima au lingegeuka kiota cha kuku.

Mwanzoni mwa karne ya 20 trekta lilikuwa mashine iliyo uchi. Kampuni ya Hart-Parr ya Charles City, Iowa, ilianza kuuza matrekta yake miaka ya mwanzo ya karne hiyo, na kama wenzake wote wa wakati huo, iliacha gia kubwa za chuma cha kusubu zikizunguka hadharani kando ya magurudumu. Zilipakwa grisi, grisi ikanasa vumbi la shambani, na mchanganyiko ule ukafanya kazi ya msasa. Gia ililika msimu mmoja kwa kiasi ambacho ya leo haifikii kwa miaka mingi. Mkulima hakushangaa. Alizoea kuona meno ya mashine yakichongoka na kelele ikipanda, hadi siku ya kununua gia nyingine.

Beringi za wakati huo hazikuwa na gololi wala rola. Shafti ilizunguka juu ya aloi laini ya bati, antimoni na shaba, iliyopata hataza kwa Isaac Babbitt wa Boston mwaka 1839. Beringi ilikatwa nusu mbili, na kati ya nusu hizo fundi aliweka vipande vyembamba vya chuma, ambavyo gereji za leo huviita shimu. Aloi ilipolika na shafti ikaanza kugonga, mkulima alifungua nati, akatoa shimu moja kila upande, akafunga. Nafasi ikarudi ilivyokuwa. Kazi hiyo ilifanyika ghalani, majira ya baridi, bila kipimo zaidi ya mkono: ukiweza kuizungusha shafti kwa taabu kidogo, imekaa sawa. Yaani ujuzi wote wa kurekebisha ulikuwa mikononi mwa mwenye mashine, na hali hiyo haikurudi tena kwa ukamilifu ule.

Mashine nyingine hazikufaa hata kwa kurekebishwa. Nebraska, mkulima na mbunge wa jimbo aitwaye Wilmot Crozier alinunua trekta la kampuni ya Minneapolis iliyojiita Ford ilhali haikuwa na uhusiano wowote na Henry Ford wa Detroit. Trekta lile lilimtesa. Akapeleka muswada, na mwaka 1919 Nebraska ikapitisha sheria kwamba trekta lolote litakalouzwa jimboni lazima kwanza lijaribiwe na Chuo Kikuu cha Nebraska. Majaribio yalianza Lincoln mwaka 1920. Kilichosahaulika ni sharti jingine la sheria hiyo: muuzaji alitakiwa awe na kituo cha huduma chenye spea mahali ambapo mkulima anaweza kufikiwa. Wanasiasa wa mashambani waliona miaka 28 kabla ya Kongwa jambo ambalo wataalamu wa London hawakuliona.

Mabadiliko makubwa katika tumbo la trekta yalianzia kwenye magari ya kukokotwa na wanyama. Henry Timken, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi St. Louis. Alijua tatizo ambalo kila mwendesha mkokoteni alilijua bila kulitaja: gari likipinda kona, gurudumu halibebi uzito wa kutoka juu tu, linasukumwa pia kutoka ubavuni. Beringi ya rola zilizonyooka hubeba uzito wa juu vizuri, lakini msukumo wa ubavuni huishinda. Mwaka 1898 Timken na mpwa wake Reginald Heinzelman walipata hataza ya beringi yenye rola za umbo la pia, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, zinazokaa ndani ya kikombe chenye mteremko uleule. Mteremko huo unapokea mizigo yote miwili kwa pamoja. Mwaka 1901 kampuni yao ilihamia Canton, Ohio, karibu na viwanda vya magari na vya chuma.

Rola za pia zina tabia moja iliyoleta kazi mpya duniani. Kwa kuwa zimelala kwenye mteremko, ukizisogeza mbele kidogo zinabana, ukizirudisha nyuma zinalegea. Beringi ya gololi ya kawaida huja na nafasi yake kutoka kiwandani. Unaigonga mahali pake na kuondoka. Ya rola za pia huja bila uamuzi. Hufungwa mbili zikitazamana kwenye shafti moja, na anayekaza nati au kuongeza shimu ndiye anayeamua zitabana kiasi gani.

Kwenye gurudumu la mbele la trekta, uamuzi huo ni mwepesi: acha nafasi ndogo, gurudumu lizunguke huru. Ndani ya giaboksi na ekseli ya nyuma mambo ni mengine. Pale shafti lazima isichezecheze hata kidogo, kwa hiyo beringi zinabanwa kupita nafasi sifuri, hadi rola zenyewe zikandamizwe kwa sehemu za mia za milimita. Mafundi wa Kiswahili husema kuzipa mbano. Mbano ukipungua, shafti hutangatanga chini ya mzigo na meno ya gia hukutana mahali pasipo pake. Mbano ukizidi, utando wa oili unakamuliwa nje, chuma kinagusana na chuma, joto linapanda na rola hutoka zikiwa na rangi ya bluu. Kati ya kosa la kwanza na la pili kuna upana usiofikia unene wa unywele.

Ulaya nayo ilikuwa na njia yake. Friedrich Fischer alibuni huko Schweinfurt, Ujerumani, mwaka 1883, mashine ya kusaga gololi za chuma kwa ukubwa ulio sawa kabisa, na Sven Wingquist wa Gothenburg, Uswidi, alianzisha SKF mwaka 1907 kwa beringi inayojinyoosha yenyewe shafti ikipinda. Uzito wa vitu hivi vidogo ulionekana wazi vitani. Tarehe 17 Agosti na 14 Oktoba 1943, ndege za Marekani zilipelekwa kuipiga Schweinfurt kwa sababu tu ndiko zilikotengenezwa sehemu kubwa ya beringi za Ujerumani. Katika kila moja ya siku hizo Wamarekani walipoteza ndege 60 au zaidi. 

Trekta lililofunika gia zake na kuuzwa kwa bei ya mkulima wa kawaida lilikuwa Fordson, la mwaka 1917. Henry Ford na mhandisi wake Eugene Farkas, mzaliwa wa Hungaria, hawakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Wallis Cub ya 1913 ilikwisha kufunika gia zake ndani ya bamba la chuma lililopindwa. Ila Fordson lilikwenda mbali zaidi kwa kuondoa fremu kabisa. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma ziliungwa kwa bolti na masanduku yake yenyewe yakawa uti wa mgongo wa trekta. Chuma kilipungua, bei ikashuka, na mwaka 1922 Ford aliliuza kwa dola 395. Kwa muda katika muongo huo zaidi ya nusu ya matrekta yaliyouzwa Marekani yalikuwa yake.

Uamuzi ule wa kuondoa fremu bado unamsumbua fundi wa leo. Trekta lisilo na fremu halifunguliwi kipande kimoja kimoja. Anayetaka kufika kwenye klachi, au shafti ya mbele ya giaboksi, lazima alitenge trekta lote vipande viwili, akiegemeza nusu ya mbele kwenye magogo au jeki na kuivuta ya nyuma kwa winchi. Fundi mzoefu huitenga kwa nusu siku. Mzembe anaweza kuponda vidole vyake.

Fordson lilikuwa na kasoro nyingine iliyochekesha kila mtu isipokuwa dereva. Mwendo wa mwisho kwenda magurudumu ya nyuma ulipitishwa kwenye gia ya skrubu, ambayo meno yake hayabiringiki bali husuguana. Msuguano hugeuka joto. Oili ya ekseli ilichemka, na kiti cha dereva kilikuwa juu yake. Kwenye kazi nzito, wengi waliendesha wakiwa wamesimama. International Harvester ilijibu kwa McCormick-Deering 15-30 ya 1921 na 10-20 ya 1923, matrekta mazito zaidi, ghali zaidi, yenye gia za kawaida zilizozamishwa kwenye oili na beringi za gololi na rola karibu kila mahali, pamoja na dhamana ya maisha kwa beringi za krankshafti. Mkulima alilipia zaidi ili asirekebishe. Mwaka 1928 Ford aliacha kutengeneza Fordson Marekani na kuipeleka kazi Ireland.

Harry Ferguson, fundi mkaidi kutoka Ireland ya Kaskazini, anakumbukwa kwa mikono mitatu ya kunyanyulia plau. Wachache hukumbuka kwamba trekta lake la kwanza kuingia sokoni, mwaka 1936, lilitengenezwa na wakata gia. Kampuni ya David Brown ya Huddersfield, iliyoanzishwa 1860, ilikuwa imebobea katika kukata gia, na Ferguson alipohitaji giaboksi kwa ajili ya mfano wake wa majaribio, aliwaendea wao. Ushirikiano ulidumu hadi 1939, kila upande ukamlaumu mwenzake, na David Brown wakatoa trekta lao wenyewe. Mwenye kampuni, David Brown wa kizazi cha baadaye, alinunua Aston Martin mwaka 1947, na hadi leo baadhi ya magari hayo ya kifahari hubeba herufi zake DB. Si kila anayelitamani gari hilo anajua kuwa utajiri wake ulitokana na meno ya gia na plau.

Ferguson alivuka bahari, akapeana mkono na Henry Ford mwaka 1938, wakagombana pia, kesi ikaisha 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni 9.25. Katikati ya ugomvi huo, mwaka 1946, kiwanda cha Banner Lane, Coventry, kilianza kutoa trekta lililovuka mipaka yote: Ferguson TE20. Hadi 1956 yalitengenezwa zaidi ya 517,000. Lilikuwa na gia nne za mbele na moja ya nyuma, rangi ya kijivu, na spana moja maalumu iliyotosha kufungua nati nyingi zilizomhusu mkulima, yenye alama za inchi za kupimia mpangilio wa plau. Wazo la Ferguson lilikuwa wazi: mkulima arekebishe anachokiona. Kilicho ndani ya giaboksi kilikuwa cha fundi aliyesomeshwa, na kwa ajili hiyo alifungua shule Stoneleigh Abbey, karibu na Coventry.

Katika TE20 oili ya giaboksi, ya ekseli na ya haidroliki ilikuwa moja, ndani ya sanduku moja. Mbinu hiyo ilipunguza gharama, lakini iliunganisha maradhi. Beringi ya pinioni, gia ndogo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ikianza kumomonyoka, chembe zake hazikai kwenye gia. Zinakwenda kwenye pampu ya haidroliki. Mkulima analalamika kwamba plau hainyanyuki, kumbe ugonjwa uko sentimita chache nyuma yake. Ndiyo maana fundi makini humwaga oili kwanza na kuichunguza kabla ya kugusa spana. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa kama magamba vimetoka kwenye uso wa rola au njia yake. Pembe ya jino ikitoka nzima, hakuna mjadala.

Mwaka 1953 Ferguson aliungana na Massey-Harris ya Kanada, na kutoka muungano huo yakaja matrekta ambayo Afrika Mashariki iliyajua kwa rangi nyekundu: Massey Ferguson 35 na, kuanzia mwisho wa 1964, 135. Giaboksi ya 35 ilikuwa na gia tatu zilizozidishwa mara mbili kwa seti ya gia za sayari, zikawa sita za mbele na mbili za nyuma.

Nyuma ya giaboksi ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Nguvu inayotoka kwenye injini inazunguka kwa mhimili wa urefu wa trekta, na magurudumu yanataka izunguke kwa mhimili wa upana. Pinioni ndogo hukutana na krauni kubwa na kuigeuza nguvu nyuzi 90. Meno yake yamepindwa, umbo ambalo kiwanda cha Gleason cha Rochester, New York, kililileta sokoni mwaka 1913 kwa ajili ya magari ya Packard. Meno yaliyopindwa huingiana polepole, kwa hiyo hayapigi kelele na hubeba mzigo mkubwa. Malipo yake ni kwamba husukuma pinioni kwa nguvu kwenye urefu wa shafti yake, mbele au nyuma kutegemea mwelekeo. Hapo beringi za Timken zilikuwa zimepata kazi yao.

Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani hadi meno yazoeane, kisha hupigwa namba moja. Atakayechukua krauni ya trekta moja na pinioni ya lingine, hata kama zote ni mpya, ameunganisha wasiojuana, na kelele itamwambia. Pinioni huingia kwanza. Kina chake huamuliwa na shimu zilizo nyuma ya beringi, na mara nyingi kiwanda huchora juu ya uso wake tofauti ya kipande hicho na kipimo cha kawaida, ili fundi aongeze au apunguze. Kisha mbano: uzi huzungushwa kwenye shafti, mwisho wake hufungwa kwenye mizani ya springi, na fundi huvuta taratibu akisoma nguvu inayohitajika kuifanya shafti izunguke bila kusimama. Anasoma ikiwa inatembea, kwa kuwa nguvu ya kuianzisha ni kubwa kuliko ya kuiendesha na humdanganya mwenye haraka.

Inafuata krauni. Sasa kinachotafutwa ni mchezo kati ya meno, ambao kwa matrekta mengi ya ukubwa wa kati hukaribia robo ya milimita. Saa ya kipimo hukaa juu ya jino, pinioni hushikwa, krauni hutikiswa. Mchezo ukizidi, krauni isogezwe ndani. Kuna ujanja hapa ambao vitabu huutaja kwa mstari mmoja na mafundi huujifunza kwa kuumia: shimu haiongezwi wala kupunguzwa, huhamishwa. Ikitolewa kushoto ipelekwe kulia. Jumla ikibaki ileile, mbano wa beringi haubadiliki. Ikibadilika, fundi anaharibu kile alichokimaliza nusu saa iliyopita.

Mwisho meno machache hupakwa rangi nyekundu ya risasi iliyochanganywa na oili, krauni huzungushwa huku ikizuiliwa kidogo, na alama husomwa pale rangi ilipofutika. Alama ikiwa juu karibu na ncha ya jino, pinioni iko mbali. Ikiwa chini shinani, imeingia mno. Fundi wa zamani haridhiki na alama iliyo katikati kabisa. Huipendelea ikae kidogo upande mwembamba wa jino, kwa kuwa trekta likianza kuvuta plau, sanduku na shafti hupinda kidogo na alama husogea kuelekea upande mnene. Huo ndio uzuri wa kazi hii: inapangwa kwa hali ambayo haipo gerejini.

Yote hayo yanachukulia kwamba vifaa vipo. Visipokuwapo, kuna njia za kando, na si za Afrika pekee. Waya laini wa risasi hupitishwa kati ya meno, hubanwa, kisha unene wake hupimwa kwa maikromita. Karatasi ya sigara, yenye unene wa karibu sehemu moja ya elfu ya inchi, hutumika kama fila, yaani bamba la kupimia nafasi. Shimu hukatwa kwenye kopo la soda, ambalo ukuta wake una kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Njia hii ya mwisho si ya kusifiwa sana. Alumini ni laini. Hukandamizika na kutanuka kidogo kidogo, mbano unapotea kimyakimya, na baada ya msimu mmoja mteja amerudi akiwa na hasira.

Baada ya Kongwa, ujuzi huo ulijengwa Afrika Mashariki kwa mwendo wa kinyonga. Sehemu ya mwanzo ilishikwa na Makalasinga na Wahindi wengine waliokuja na reli au nyuma yake, wakafungua gereji kwenye miji ya mashamba makubwa; wengi wa mafundi Waafrika wa kizazi cha kwanza walianza kama vijana wa kuosha spea kwenye gereji hizo. Serikali za kikoloni nazo zilikuwa na shule za ufundi, Kabete tangu miaka ya 1920 na Ifunda, Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye majengo ya iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Mabaki ya mpango wa karanga yalikabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, na matrekta yaliyokuwa yanafaa yakaendelea kulima, safari hii katika mashamba ya kiasi.

Somo halikuingia mara moja. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilianzisha makazi ya vijiji vya mfano yaliyopewa matrekta kabla ya kuwa na watu wa kuyahudumia. Kufikia 1966 mpango huo ulisitishwa kwa sababu ya gharama. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alirudia hoja kwamba nchi inayolima kwa jembe la mkono ipitie kwanza plau la ng'ombe, kwa sababu haina fedha za matrekta wala mafundi wa kutosha. Wengi walimwona anarudisha watu nyuma. Ukiitazama kwa jicho la karakana, ilikuwa hesabu tu.

Ilipofika miaka ya 1970, Hanang ilipata mashamba saba ya ngano chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada. Huko mashine kubwa zilikuja pamoja na karakana na mafunzo, na zikafanya kazi. Lakini mashamba hayo yalikaa juu ya malisho ya Wabarabaig, na kesi za ardhi zilidumu kuliko gia. Kibaha, matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliungwa katika miaka ya 1980, na miongo mitatu baadaye yakaungwa ya Ursus kutoka Poland. Baada ya sera ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, mkopo wa India ulileta Farmtrac na New Holland kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa. Kila wimbi lilikuja na namba zake za spea, na fundi wa Babati au Ifakara akajikuta anahitaji kabati jipya.

Kwingineko, mkono wa fundi ulikuwa ukiondolewa taratibu kwenye mashine. Ford walitoa Select-O-Speed mwaka 1959, giaboksi ya gia kumi zinazobadilishwa bila klachi. Ilisumbua sana mwanzoni, na wauzaji wengi walijuta. John Deere walifaulu zaidi na Power Shift kwenye 4020 mwaka 1963. Fendt ya Ujerumani ilionyesha Vario mwaka 1995, trekta lisilo na gia za hatua, linalopandisha mwendo mfululizo. Kwenye mashine za namna hii sehemu kubwa ya marekebisho hufanywa na kompyuta: fundi huunganisha kifaa chake, programu hupima jinsi klachi za ndani zinavyojaa mafuta, kisha huandika thamani mpya. Bila programu ya kampuni, hakuna kazi. Wakulima wa Marekani waliligeuza hilo kuwa siasa, na mwaka 2023 Colorado ikawa jimbo la kwanza kupitisha sheria inayowalazimu watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wakulima vitabu, spea na programu za kurekebishia. Wilmot Crozier angeielewa sheria hiyo bila kuelezwa.

Banner Lane ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini umbo la 35 na 135 halikufa nayo. TAFE ya Chennai, iliyoanzishwa 1960, na Millat ya Lahore, iliyoanza miaka michache baadaye, ziliendelea kutoa matrekta ya ukoo huo, na mengi yanalima Tanzania, Kenya na Uganda hadi sasa. Hivyo fundi anayefungua Massey iliyomzidi umri anaweza kuingia Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, akatoka na krauni na pinioni mpya zenye namba moja. Beringi ataisoma kwenye ukingo wake: 30206 ni rola za pia, tundu la milimita 30, iwe imetoka Canton, Gothenburg au China, mradi si ya bandia. Shimu ndizo haziwezi kuagizwa kwa namba ya trekta. Unene wake hutegemea sanduku lile mahususi, jinsi lilivyochongwa na lilivyochakaa, kwa hiyo muuzaji mwelewa huuza fungu zima la unene tofauti, na fundi hurudi nalo kwenye mizani yake ya springi.